Karatasi, tokeni au taa zinazojiwasha: mfumo upi wa signali uuchague kwa reli ya mfano ya Tabora–Kigoma

Signali inaporuhusu treni kupita, inamwahidi dereva mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, njia iliyo mbele yake ni tupu. Pili, pointi, yaani zile reli zinazosogezwa kuihamisha treni njia, zimekaa upande unaotakiwa na hakuna atakayezigusa mpaka treni ipite. Tatu, hakuna treni nyingine iliyoruhusiwa kuja kutoka upande wa pili. Wajenzi wengi wa reli za mfano hununua taa kwanza, wakazipanga kando ya njia zikapendeza, na hakuna hata ahadi moja inayotimizwa: kijani kinawaka huku pointi imeelekea njia ya bandarini. Mifumo minne tunayoilinganisha hapa tumeipima kwa ahadi hizo tatu tu. Nani au nini kinaishika kila ahadi? Na ikivunjika, inavunjikia wapi?

Tabora inafaa sana kwa kazi hii. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912, ikaingia Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tangu hapo njia tatu zinakutana stesheni moja, na kila mojawapo ni ya reli moja inayotumika kwenda na kurudi. Penye reli moja, ahadi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo ambayo taa za kununua dukani haziijui.

Meza tunayoipima

Chukua rafu ya upana wa sentimita 45 inayozunguka kuta tatu za chumba, jumla mita 11. Uwiano ni 1:87. Reli ya mita 1 ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo hutumika reli ya milimita 12 inayouzwa kwa jina la HOm. Reli ya TT nayo ina upana huo huo, ila mataruma yake ni madogo na yamebanana. Anayeijua njia ya Urambo ataona kasoro hiyo mara moja. Behewa la mita 18 linakuwa milimita 207. Kichwa na mabehewa 5 ni kama mita 1.25, basi njia ya kupishana isipungue mita 1.5 kati ya signali za kuondokea za pande mbili.

Stesheni ni tatu: Tabora yenye njia 3, Kaliua yenye njia 2 na kipande cha kwenda Mpanda, na Kigoma yenye njia 2 na kipande cha bandarini. Kati ya Kaliua na Kigoma kuna kipande kifupi cha kupakilia chumvi ya Uvinza. Treni za Dar es Salaam na Mwanza zinajificha nyuma ya ubao wa mandhari. Ukihesabu pointi za mbele ya macho unapata 12. Signali nazo ni 12: Tabora 6, yaani ya kuingilia na ya kuondokea kwa kila upande kati ya pande tatu, Kaliua 4, Kigoma 2. Pointi ya Mpanda inasimamiwa na Kaliua kwa mkono, haina signali yake.

Kilomita 60 kwa saa kwenye uwiano huu ni sentimita 19 kwa sekunde. Njia ya mita 3 kutoka Kaliua hadi Kigoma inamalizika kwa sekunde 16. Treni inakaa stesheni muda mrefu kuliko inavyokaa njiani, kwa hiyo uzuri wa mchezo wote unatokana na yanayofanyika stesheni, na hayo ndiyo yanayoamuliwa na mfumo wa signali.

Kibali cha karatasi

Mfumo huu ndio rahisi kuliko yote, na wengi huudharau bila kuujaribu. Unahitaji madaftari mawili, karatasi za kaboni na watu wawili. Stesheni masta wa Tabora haondoi treni mpaka mwenzake wa Kaliua akubali, na maneno hayabadiliki:

«Kaliua, hapa Tabora. Naomba njia kwa namba 5, mizigo.»

«Tabora, hapa Kaliua. Namba 8 ilitoka kwangu, kwako imefika?»

«Imefika nzima saa 4:10.»

«Njia iko wazi kwa namba 5. Kibali namba 12.»

«Narudia: kibali namba 12, kwa treni namba 5.»

Tabora anaandika kibali nakala mbili: moja anapewa dereva, nyingine inabaki daftarini. Kila mstari wa daftari una nafasi tano: namba ya treni, saa ya kuomba, saa ya kukubaliwa, saa ya kuondoka, saa ya kufika. Sheria inayolibeba daftari lote ni moja: mstari ambao nafasi ya tano iko wazi unazuia mstari mpya kuandikwa. Neno «nzima» nalo si la mapambo. Behewa la mwisho huwekewa duara jekundu la karatasi la milimita 3, na stesheni masta hasemi «nzima» kabla hajaliona kwa macho. Kiunganishi cha mfano hukatika kirahisi, na behewa la chumvi likibaki njiani karibu na Uvinza hakuna kingine kitakachokuambia.

Udhaifu wake uko wazi. Ahadi ya kwanza na ya tatu zimeshikwa na kumbukumbu za watu wawili, na ya pili haikushikwa na mtu yeyote. Tarehe 10 Septemba 1874, kwenye reli moja kati ya Norwich na Brundall huko Uingereza, mkanganyiko wa ujumbe wa telegrafu uliziruhusu treni mbili kwa wakati mmoja. Zikagongana uso kwa uso pale Thorpe na watu 25 wakafa. Mezani hakuna anayekufa, lakini kosa huja vilevile: mtu anakubali kwa mdomo, anageuka kushughulikia pointi, akigeuka tena ameshasahau. Ndiyo maana tunasisitiza kuandika kwanza kisha kusema, kamwe usigeuze mpangilio huo.

Kama mtaani kwako yupo mzee aliyekuwa gadi au stesheni masta, na Tabora wazee hao hawakosekani, mpe kiti cha Kaliua jioni moja. Kwa saa moja vijana watashika nidhamu ambayo maandishi haya hayawezi kuwapa.

Tokeni

Tokeni inaitoa ahadi ya tatu kichwani mwa mtu na kuiweka mkononi mwake. Kipande cha njia kina kitu kimoja cha chuma, dereva asiyekishika haingii. Kwa namna yake ya mwanzo ni fimbo moja tu. Kata ufito wa shaba wa milimita 8 kwa urefu wa sentimita 6, paka rangi, gonga jina la vituo viwili, kazi imekwisha. Umbo la kila kipande liwe tofauti, hiki duara, kile mraba, ili fimbo ya Tabora–Kaliua isiweze kuingia tundu la Kaliua–Kigoma hata mtu akichanganya.

Tatizo la fimbo moja linaonekana jioni ya kwanza. Treni mbili zikifuatana kwenda Kigoma, ya kwanza imeondoka na fimbo, ya pili imekwama Kaliua ingawa njia ni tupu. Dawa ya zamani ni tiketi: dereva wa kwanza anaonyeshwa fimbo na kupewa tiketi ya karatasi, dereva wa mwisho ndiye anayeichukua fimbo yenyewe. Inafanya kazi vizuri ilimradi ratiba haibadiliki. Ikibadilika na treni ikatakiwa kutoka Kigoma kwanza, fimbo iko Kaliua, na mtu inabidi aibebe kwa miguu.

Mwaka 1878 Edward Tyer aliipatia hati miliki mashine ya umeme iliyoondoa usumbufu huo. Tokeni zinakuwa nyingi, zimegawanywa katika masanduku mawili yaliyounganishwa kwa waya, lakini moja ikiwa nje, masanduku yote mawili yanajifunga. Mashine hii unaweza kuiiga mezani, na kati ya yote yaliyo kwenye ulinganisho huu ndiyo tunayoipenda zaidi.

Kwa kila kipande cha njia tengeneza tokeni 4 na masanduku mawili yenye nafasi 4 kila moja. Chini ya kila nafasi kaa swichi ndogo ya kubonyeza. Tokeni ikilala ndani, swichi inafunga. Swichi hizo usizinunue. Kila kipanya kibovu cha kompyuta kina mbili au tatu, na fundi redio yeyote ana ndoo ya vipanya vibovu. Vipande viwili vya njia vinahitaji swichi 16, yaani vipanya sita hadi vinane. Mdomo wa sanduku unafungwa na komeo la bati linalosukumwa na mota ndogo ya servo, inayogeuka hadi pembe inayoamriwa, aina ya SG90.

Hesabu ya kufungua ni fupi. Bodi ya Arduino, kompyuta ndogo unayoipa programu yako, inajumlisha tokeni za masanduku yote mawili. Jumla ikiwa 4, na stesheni ya pili imebonyeza kitufe cha kukubali na kukishikilia, komeo la anayeomba linafunguka. Jumla ikishuka kuwa 3, makomeo yote mawili yanafunga na hakuna kitufe kitakachoyafungua mpaka tokeni irudi upande wowote. Irudi upande wowote, hilo ni muhimu: treni ikighairi safari, dereva anarudisha tokeni pale pale alipoichukua na njia inakuwa huru.

Usihifadhi hesabu hiyo kwenye kumbukumbu ya bodi. Umeme ukikatika ghafla, programu iliyotunza hesabu inaweza kuamka na namba ya zamani. Programu inayosoma swichi upya kila mara inaamka na ukweli, kwa sababu tokeni yenyewe bado iko mfukoni mwa dereva na nafasi yake bado iko wazi. Hapa tokeni inaishinda elektroniki nyingine yoyote: ukweli umekaa kwenye chuma, haukukaa kwenye umeme.

Tokeni pia inaweza kuwa ufunguo. Pale Uvinza, chimba tundu dogo kando ya pointi ya chumvi na uweke swichi ndani yake. Mota ya pointi ipate umeme kwa kupitia swichi hiyo peke yake. Treni ya mizigo inasimama, dereva anachomeka tokeni, pointi inakubali kugeuka, mabehewa mawili yanasukumwa ndani, pointi inarudishwa na tokeni inachomolewa. Hakuna treni nyingine inayoweza kuwa njiani wakati huo, maana tokeni ni hiyo. Reli halisi zilifanya hivyo hivyo kwa vipande vya viwanda vilivyo mbali na stesheni.

Kinachoharibika zaidi ni swichi kukaa upande na kutobonyezwa sawasawa, jumla ikasomeka 3 wakati tokeni zote zimo. Masanduku yanafunga na kazi inasimama. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa upande salama. Fanya sakafu ya nafasi iteremke kidogo ili uzito wa tokeni wenyewe uibonyeze swichi, na ndio maana tunapendelea shaba kuliko mbao. Hitilafu mbaya zaidi ni tokeni 4 kurundikana Kigoma baada ya treni nyingi kwenda upande mmoja. Hapo stesheni masta wawili wanakubaliana, njia ikiwa tupu, mmoja anafungua sanduku kwa ufunguo na kurudisha mbili, na tukio linaandikwa daftarini.

Pointi na signali zifungamane kabla ya kitu kingine

Karatasi na tokeni zote mbili zinaiacha ahadi ya pili bila mwenyewe. Kazi hii ifanye kabla hujanunua taa hata moja, kwa mfumo wowote utakaochagua.

Njia ya bei nafuu ni swichi ya kuteleza yenye safu mbili za miguu mitatu, ile inayopatikana kwenye redio za zamani. Ifunge chini ya meza, uunganishe kitufe chake na ulimi wa pointi kwa waya wa chuma wa milimita 0.8. Ukivuta, swichi na pointi vinakwenda pamoja. Safu ya kwanza inapeleka umeme sahihi kwenye kile chuma cha umbo la V katikati ya pointi. Bila hivyo vichwa vifupi vinazimika hapo. Safu ya pili ndiyo shahidi wako: inasema pointi imelala upande gani.

Sasa funga mashahidi hao kwa mfululizo. Mfano ni signali ya kuingilia Kaliua kutoka Tabora. Waya unaanzia kwenye mguu wa Arduino, unapita kwenye swichi ya signali yenyewe, unapita kwenye shahidi wa pointi ya kwanza, kisha shahidi wa signali ya kuingilia ya upande wa Kigoma kwamba imezuia, na unaishia kwenye hasi. Mguu huo uutangaze kwenye programu kuwa INPUT_PULLUP, yaani unasoma HIGH usipofika kwenye hasi na LOW ukifika. Mnyororo wote ukiwa mzima mguu unasoma LOW na mkono wa signali unaruhusu. Waya ukikatika popote, panya akitafuna au sehemu iliyolehemewa ikiachia, mguu unasoma HIGH na mkono unarudi kuzuia. Wanaofanya kinyume, yaani umeme ukifika ndipo signali izuie, wamejenga signali ambayo ikiharibika inadanganya.

Kwa signali ya kuondokea ongeza pete moja kwenye mnyororo: tokeni iwe imetoka kwenye sanduku la stesheni hiyo. Hapo signali, pointi na tokeni vimekuwa kitu kimoja, na ahadi zote tatu zimeshikwa.

Mikono ya signali iendeshwe na SG90 vilevile. Bodi ya PCA9685, inayoziendesha mota za servo kwa amri ya Arduino, ina nafasi 16, ambazo zinatosha mikono 12 na makomeo 4 ya tokeni, na Arduino Mega moja inasoma waya zote. Mota hizi zikikwama hula karibu milliampea 700 kila moja, kwa hiyo usizilishe kupitia kebo ya USB. Zikianza pamoja, volti zinaporomoka na bodi inajizima na kujiwasha bila kukoma. Zipe umeme wake wa volti 5 na angalau ampea 3, kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na bodi, na hasi zote ziunganishwe pamoja. Programu izisogeze moja baada ya nyingine. Jambo moja limewanasa wengi: Arduino ikiganda, PCA9685 inaendelea kushikilia amri ya mwisho, na signali iliyoruhusu inabaki imeruhusu. Washa kipima muda cha ulinzi kilichomo ndani ya bodi, kiiwashe upya baada ya sekunde 2, na amri ya kwanza ya programu iwe kurudisha mikono yote kuzuia.

Taa zinazojiwasha

Hapa mtu anaondoka, mashine inaona treni yenyewe. Inavutia, hasa usiku chumba kikiwa na giza, na kwa anayecheza peke yake ni nafuu kubwa. Lakini kwanza lazima mashine ione.

Kuna namna tatu za kuona. Kupima umeme unaoliwa na treni ndiyo namna kamili, kwa kuwa inajua kipande chote kama kina kitu au hakina. Inafaa kwa mfumo wa kidijitali wa DCC ambako reli ina umeme saa zote. Kwa kidhibiti cha kawaida cha volti 12, treni ikisimama umeme hakuna na treni «inatoweka». Kwa kila kipande unahitaji dayodi 4 za ampea 3, mbili zikielekea huku na mbili kule, na kiunganishi cha mwanga aina ya PC817 kilichopachikwa sambamba nazo kupitia rizista ya omu 100. Meza yetu ina vipande 11, yaani dayodi 44. Behewa lisilo na mota halili umeme, kwa hiyo la mwisho la kila treni lipewe rizista ya kiloomu 10 kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, la sivyo behewa lililokatika halionekani.

Macho ya mwanga usioonekana ni rahisi kufunga, na yanafanya kazi kwa kidhibiti chochote, ila jua la Tabora likiingia dirishani jioni yanapofuka. Swichi za sumaku haziathiriwi na jua wala vumbi, lakini zinajua treni imepita tu, hazijui kama imekwisha kupita yote.

Vumbi ndilo adui wa namna ya kwanza. Kiangazi reli inapata utando kwa siku mbili au tatu, gurudumu linakosa mguso, na programu inaona njia tupu penye treni. Weka sheria kwamba kipande hakihesabiwi kitupu mpaka kionekane kitupu kwa sekunde 3 mfululizo, na futa reli kwa spiriti na kitambaa cha pamba kabla ya kila kikao.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye programu. Programu rahisi ya signali za kujiendesha inasema hivi: kipande kikiwa na treni, nyekundu; kikiwa kitupu, kijani. Hiyo inafaa penye reli mbili, kila moja na upande wake. Kwenye reli moja, Kaliua na Kigoma wote wanaona njia tupu, wote wanawasha kijani, na treni mbili zinaingia kwa pamoja kila moja ikiwa na ruhusa halali. Lazima uongeze kitu cha tatu, mwelekeo. Stesheni inaomba, programu inakagua kwamba kipande ni kitupu na kwamba mwelekeo haujachukuliwa, inauandika mwelekeo, ndipo inawasha kijani cha upande mmoja. Mwelekeo unafutwa treni ikishaingia yote upande wa pili. Ukiutazama kwa makini, mwelekeo huo ni tokeni ya Tyer iliyogeuzwa kuwa namba. Tofauti ni kwamba umeme ukikatika hauko mkononi mwa mtu, kwa hiyo programu ikiamka izuie pande zote mpaka mtu athibitishe kila treni iko wapi.

Taa zenyewe hazina shida. Kwa volti 5, taa nyekundu ya LED itosheke na rizista ya omu 680. Ya kijani ya kisasa inang'aa mno, ipe kiloomu 1 hadi 2.2, vinginevyo signali ya mlingoti wa sentimita 8 itamulika chumba kizima.

Skrini ya kompyuta

Programu ya JMRI ni ya bure, na inaweza kumpa mtu mmoja ramani ya njia yote, akiongoza kila pointi na signali kwa kipanya. Inahitaji kila kitu tulichokitaja kwenye taa, na pia mota kwa kila pointi na kompyuta isiyozimika. Kwa reli ya mita 1 ya Tabora tunaona haifai. Inaondoa watu stesheni, na stesheni ndiyo mchezo.

Kwa anayetaka SGR habari ni tofauti. Mfumo wa ETCS kiwango cha 2 unamletea dereva ruhusa kwa redio, anaisoma kwenye skrini iliyo mbele yake. Mikono na tokeni hapo vitakuwa uongo. Upana nao unabadilika: milimita 1435 kwa uwiano wa 1:87 ni reli ya milimita 16.5, ya HO ya kawaida, na kwenye rafu moja unaweza kuziweka reli mbili za upana tofauti sambamba, kila moja na sheria zake.

Saa na ratiba

Saa ya mbio, yaani saa ya mchezo inayokwenda haraka kuliko saa halisi, inaufanya usiku mzima uingie ndani ya saa 2 au 3, lakini mkono wa binadamu haukimbii nayo. Kibali cha karatasi huchukua kama sekunde 40 kuombwa na kuandikwa. Saa ikienda mara 6, hizo ni dakika 4 za ratiba kwa kila treni, na treni tatu tu zinatosha kuvuruga mpangilio wote. Kwa karatasi usizidi mara 3, kwa tokeni mara 4. Taa na skrini zinavumilia mara 6.

Mizigo iandikwe kwenye kadi, kadi moja kwa kila behewa: tumbaku kutoka Kaliua na Urambo, chumvi kutoka Uvinza, mawese na dagaa kutoka Kigoma, saruji na ngano za kwenda bandarini kuvuka ziwa, pamba ya upande wa Mwanza. Kadi 20 zinatosha kwa kikao.

Nani achague nini

Ukiwa peke yako, tokeni zitakuchosha. Utajikuta unaomba na kujikubalia mwenyewe. Chagua taa zenye mwelekeo, au fimbo moja kwa kila kipande bila mashine. Mkiwa wawili au watatu, anzeni na karatasi pamoja na pointi zilizofungamanishwa, mwezi mzima, kisha ongezeni masanduku ya tokeni kwa kipande cha Kaliua–Kigoma kwanza, kwa kuwa ndicho chenye Uvinza. Mkiwa wanne na zaidi, au ni klabu ya shule, tokeni haina mpinzani: kila stesheni ina mtu, kila dereva ana kitu cha kushika, na mgeni anaelewa sheria bila kuelezwa mara mbili. Taa za kujiendesha ziwekeni nyuma ya ubao tu, kwenye maficho ya Dar es Salaam na Mwanza, ambako macho hayafiki.

Umeme wa kukatika usikutishe kwenye mfumo wowote kati ya hii mitatu ya kwanza. Betri ya bodaboda ya volti 12 na kishusha volti cha kufikia 5 zinaendesha bodi na mota za servo kwa muda mrefu kuliko kikao chochote, na kidhibiti cha volti 12 kinaweza kula betri hiyo hiyo. Kinachotisha ni mchwa. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, na ukague chini ya rafu kila mwezi, kwa maana mchwa akipanda anaanza na ubao unaobeba swichi zako.

Kabla ya kuita mfumo wowote umekamilika, fanya jaribio hili. Ruhusu signali moja, halafu chomoa waya mmoja wa mnyororo wake. Mkono lazima urudi kuzuia papo hapo. Rudisha waya, chomoa unaofuata, mpaka umalize waya zote za signali zote 12. Kisha zima umeme wote treni ikiwa katikati ya Kaliua na Kigoma, hesabu hadi 10, washa. Ikiwa kuna signali hata moja inayoruhusu baada ya hapo, rudi chini ya meza.